Mwamsha Magari

Kiwandani walimwita Mzee Stata, kwa ile mota inayoamsha injini, naye aliitika. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa kwenye kitambulisho na kinywani mwa mkewe, na mkewe alipofariki likabaki kwenye kitambulisho tu. Kazi yake ilikuwa moja miaka yote. Gari likishaunganishwa, likapigwa rangi, likafungwa viti na kutiwa mafuta kidogo, lilisukumwa mpaka mwisho wa laini, na hapo mwisho alikuwa amesimama yeye na ufunguo. Alikuwa mtu wa kwanza kuliwasha. Wenzake walimtania kwamba wao wanaunga mifupa, yeye ndiye anayepuliza roho. Aliwajibu kwamba roho ni kazi ya Mungu, yeye anazungusha ufunguo tu, tena kwa mshahara wa kuchekesha.

Alikuwa na desturi yake. Kabla ya kuwasha gari alilibishia hodi. Aligonga boneti mara mbili kwa kiganja, akangoja kidogo, ndipo akapanda. Wageni walidhani ni uganga. Uganga haukuwepo. Kiwanda kilikuwa na paka wengi kuliko walinzi, na paka hupenda kulala mahali penye giza, na zamani, alipokuwa bado kijana kazini, feni ya injini ilimkata paka mbele ya macho yake. Tangu siku hiyo hakuwasha gari bila hodi, hata liwe limetoka kwenye rangi sasa hivi.

Mganga hajigangi. Mtu huyo aliyewasha magari mapya kutwa nzima alikuwa na gari lake nyumbani, kuukuu, la kijani, ambalo halikuwahi kuwaka kwa ufunguo. Kila asubuhi lilitaka kusukumwa. Mkewe alisukuma upande mmoja, mtoto wao wa pekee upande wa pili, yeye ameshika usukani, klachi ameikanyaga, gia ya pili. Kazi ya mtoto ilikuwa kupima mwendo. Mwendo ukitosha alipiga kelele, "Baba, sasa!" Hapo aliachia klachi, gari likashtuka, likakohoa, likawaka. Mtaa mzima uliamka kwa ile "Baba, sasa!" Jirani mmoja alisema tangu wahamie hapo hajahitaji kununua saa.

Mtoto akakua, akawa mwanamume mwenye mabega, na magari hayakumtoka kichwani. Lakini kiwandani hakuja. Alifungua uwanja wake kando ya barabara kuu, akaanza kuagiza magari ya mtumba kutoka nje na kuyauza. Baba na mwana walitaniana sana juu ya hilo. "Wewe unauza magari yaliyokwisha zeeka," baba alisema. "Na wewe unauza yasiyojua hata barabara inafananaje," alijibu kijana. Mama alicheka mpaka akaweka sufuria chini. Jumapili walikula pamoja, na mama alipofariki waliendelea kula pamoja, wawili, kimya zaidi kuliko zamani lakini pamoja.

Shida ni kwamba utani ule ulikuwa kweli tupu. Kila mwaka magari ya mtumba yaliyoshuka bandarini yaliongezeka, na yale ya kiwandani yalipungua. Watu wanunue gari jipya la nini, na kwa pesa hiyo hiyo wanapata kuukuu kubwa lenye kiyoyozi na viti vya ngozi? Laini ikaanza kusimama siku mbili kwa wiki, kisha tatu. Waliofunga milango walipunguzwa, waliofunga viti wakafuata. Mzee Stata alisimama mwisho wa laini na ufunguo wake akitazama mkanda mtupu. Mtu akiwa kazini hana kazi, huanza kuona aibu hata kunywa chai.

Ndipo serikali ikashtuka. Waziri alikuja kiwandani na msafara mrefu wa magari, yote ya nje, na hakuna aliyelitaja hilo. Wafanyakazi walitakiwa kumchagua mtu wa kuwasemea. Walimchagua Mzee Stata, kwa sababu alikuwa mkongwe, kwa sababu ana sauti, na kwa sababu wengine waliogopa. Alikuwa hajaandika kitu. Alisimama mbele ya kamera akasema, "Mheshimiwa Waziri, kila gari kuukuu linaloteremshwa bandarini linakuja na barua ya kumfukuza kazi mtu mmoja hapa."

Watu walipiga makofi mpaka mabati yakalia. Waziri aliyarudia maneno hayo kwenye hotuba yake, redio ikayarudia, magazeti yakayachapa. Mzee Stata alikwenda nyumbani amevimba kichwa, na tusimlaumu, maana ni mara ngapi mtu wa kawaida husema neno likasikika hadi ikulu?

Mwanawe aliyasikia maneno hayo kwenye televisheni ndogo iliyokuwa ofisini kwake, akiwa na mteja.

Miezi michache baadaye ushuru wa magari ya mtumba ulipanda, na yale yaliyopita umri fulani yakapigwa marufuku kabisa. Kijana alikuwa na magari melini wakati sheria inasainiwa. Yalipofika, yalikuwa yamekwisha kuwa wazee kwa sheria mpya, hayaruhusiwi kuingia wala hakuna wa kuyarudisha. Alihangaika ofisi hii na ofisi ile, kila mahali akiambiwa aje kesho. Mwishowe uwanja ulifungwa, na nyasi zikaota mahali alipokuwa akiwapangia wateja viti.

Alikuja nyumbani kwa baba yake mara moja tu baada ya hapo. Alisimama mlangoni. Baba alimvutia kiti, hakukaa.

"Ungeniambia kwanza," alisema kijana.

"Ningekuambia nini?"

"Kwamba unakwenda kunisema."

"Sikukutaja, mwanangu. Nilisema magari."

"Mji mzima unajua baba yangu ni nani na mimi nauza nini. Ulikuwa na haja gani ya kunitaja?"

Mzee Stata alianza kueleza habari za laini, na waliopunguzwa, na wake zao. Yote yalikuwa kweli. Kijana alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akauliza, "Na barua yangu mimi, kaisaini nani?" Hakungoja jibu. Alihama mji na mkewe, na kuanzia hapo hakupiga simu wala hakupokea.

Mdomo huponza kichwa, lakini hapa haukuponza kichwa cha aliyesema, na hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Angesema uongo angejua pa kuanzia kuomba radhi. Alilala akijiuliza kama angeulizwa tena angesema vinginevyo, na kila mara aliona kwamba angesema vile vile, na kila mara alilia. Habari alizipata kwa mkwewe, mara mojamoja, kwa sauti ya chini kama mtu anayepiga simu kutoka jikoni: mumewe sasa ni dereva wa kukodiwa, anapeleka magari ya watu mikoani, hajambo, amekonda kidogo. "Mwambie baba yake anamsalimu," alisema mzee. "Nitamwambia, baba," alijibu mkwe, na wote wawili walijua hatamwambia.

Alichokuwa akikitaka Mzee Stata katika dunia hii kilikuwa kidogo. Alitaka mwanawe amwite baba tena. Hata kwenye simu. Hata kwa hasira.

Kiwandani mambo yalichangamka, kwa muda. Serikali iliagiza pikapu nyingi za kugawa kwenye ofisi zake zote, na bango kubwa likatundikwa getini: MCHEZA KWAO HUTUNZWA. Waliopunguzwa waliitwa. Laini ilizunguka asubuhi mpaka jioni, na Mzee Stata alibisha hodi mpaka kiganja kikawa chekundu. Pikapu zilitoka moja baada ya nyingine, zikapangwa kwenye uwanja wa nyuma, safu kwa safu, zingoje kuchukuliwa.

Hazikuchukuliwa. Ofisi moja ilisema haina bajeti ya dereva. Nyingine ilisema rangi siyo iliyoombwa. Ukweli, na kila mtu aliujua, ni kwamba wakubwa walikuwa wamekwisha zoea magari marefu yenye vioo vyeusi, na hakuna aliyetaka kuonekana akishuka kwenye pikapu mbele ya shemeji zake. Serikali iliyaokoa magari na serikali hiyo hiyo ikayakimbia. Laini ikapunguza mwendo tena. Fungu la msaada la serikali liliendelea kulipa sehemu ya mishahara ili watu wasifukuzwe, kwa hiyo walikuja, wakafagia, wakapaka rangi kuta, wakacheza bao la vifuniko vya chupa, wakarudi kwao.

Mzee Stata yeye alipewa kazi maalumu. Gari lisilotembea hufa, betri hulala, tairi hukaa bapa upande mmoja. Msimamizi alimwambia, "Mzee, hizo pikapu ni zako. Ziamshe, zitembeze kidogo, zirudishe. Zikija kuchukuliwa zisije zikatuaibisha."

Basi ikawa ndiyo maisha yake. Asubuhi alianza safu ya kwanza. Hodi, hodi, anangoja paka, anapanda, anawasha, anasikiliza, anasogeza gari mbele kidogo ili tairi ligeuze mguu, anazima, anashuka. Halafu la pili. Akimaliza safu ya mwisho ilikuwa wakati wa kurudi safu ya kwanza. Uwanja ulikuwa mpana, umezungushiwa ukuta, na sauti za wenzake hazikufika huko. Siku nyingine alifanya kazi kutwa nzima asiongee na mtu ila magari. "Haya amka mama, kumekucha." "Wewe jana ulinikoholea, leo nisikusikie." Alikuwa mpweke, tuseme bila kuzunguka. Alikuwa mpweke uwanjani na mpweke nyumbani, na tofauti ya mahali hapo pawili ilikuwa kwamba uwanjani kulikuwa na kitu kinachomjibu.

Mchana alikula ndani ya pikapu nyeupe iliyokuwa mwisho wa safu ya mwisho, penye kivuli cha ukuta. Redio yake ilishika vizuri kuliko nyingine. Mafuta yalikuwa ya kupimiwa, kwa hiyo hakuwasha injini. Alizungusha ufunguo kidogo tu, redio ikaamka, akafungulia sauti, akafungua kontena lake la chakula. Sauti za watu wanaoongea zilimtosha. Hata tangazo la sabuni alilisikiliza mpaka mwisho. Akimaliza kula alizima redio, akaliwasha gari lirudishe nguvu ya betri, kisha akaendelea na kazi. Mtu yeyote anayejua magari atakuambia kwamba hapo kuna hatari kwa betri, na yeye alijua kuliko yeyote.

Mwaka uliingia, ukatoka. Kisha mwandishi mmoja akapanda juu ya ukuta, akapiga picha ya pikapu zile zote zimepangana na vumbi, na picha ikatoka ukurasa wa mbele. Huko juu mtu mkubwa akafoka. Mzee Stata alikuwa ndani ya gari jeupe anakula redio iliposema: magari yote yatachukuliwa kesho, madereva wa kukodiwa watakuja kuyapeleka mikoani, na Waziri mwenyewe atayaaga getini.

Alishuka kwa haraka hata kontena likabaki kwenye kiti. Hakujua anafurahi au anahuzunika. Alikimbia kukagua matairi safu nzima, akafuta vioo kwa shati lake, akayaongelesha magari. Msimamizi alikuja, akaagiza funguo zote ziachwe kwenye swichi tayari kwa asubuhi. Mzee alisema basi kesho atawahi kuyaamsha yote. "Usiwashe hata moja," alisema msimamizi. "Wageni wanakuja na nguo nyeupe, moshi utawachafua. Madereva watawasha wenyewe." Basi aliondoka jioni ile na furaha yake na huzuni yake, na kule mwisho wa safu ya mwisho, nyuma ya vioo vilivyofungwa, redio iliendelea kuongea peke yake usiku kucha.

Asubuhi madereva walipanga mstari kwenye mlango wa uwanja. Kazi ya Mzee Stata ilikuwa kumwonyesha kila mmoja gari lake na kumpa neno moja. "Shikamoo, baba," walimwamkia, maana walikuwa vijana na yeye mvi zimemjaa. "Marahaba, mwanangu. Chukua lile la tatu. Usilizime mpaka ufike." Hodi alimalizia yeye mwenyewe, mara mbili, kila gari. Yaliwaka yote kwa ufunguo wa kwanza, na madereva walimpungia mkono kwa heshima. Ilikuwa siku nzuri kuliko zote alizowahi kuwa nazo kiwandani.

Alimwona mwanawe kwenye mkia wa mstari. Alikuwa amevaa kofia na kuishusha, lakini mabega hayafichwi na kofia. Alikuwa amekonda kweli. Kila mara mstari uliposogea alimpisha mtu mbele yake, akabaki nyuma, na wengine wakadhani ni ustaarabu. Mzee Stata aliendelea kuonyesha magari. Alijitengenezea maneno. Kila dereva aliyeondoka alimpunguzia muda, na maneno hayakutengenezeka.

Mwishowe wakabaki wawili.

"Shikamoo, mzee," alisema kijana, macho kwenye buti zake.

Mzee. Watoto wa watu, ambao hakuwahi kuwanunulia hata daftari, walimwita baba asubuhi nzima.

"Marahaba," alijibu. "Limebaki lile jeupe. Kule mwisho."

Walitembea pamoja hadi kule, kwa sababu hapakuwa na namna ya kutembea mbalimbali. Magari mengine yalikuwa yanajipanga getini, na wafanyakazi wote walikuwa huko wakipiga vigelegele. Kijana alifika kwenye pikapu, na mkono wake ukagonga boneti mara mbili, ukangoja. Aliona baba yake amemwona. Akaurudisha mkono mfukoni kama mtu aliyeshikwa akiiba.

Alipanda, akazungusha ufunguo. Gari lilisema *tik*, likanyamaza. Akajaribu tena. Taa ndogo za dashibodi ziliwaka kwa unyonge, kama jicho la mgonjwa.

Mzee Stata alielewa hapo hapo. Mwaka mzima hakuwahi kuacha betri hata moja ife, na hii ndiyo aliyoiua, kwa mkono wake, kwa kupenda kelele za watu.

"Betri," alisema kijana.

"Ni mimi. Niliacha redio."

"Nyaya za kuchajia ziko wapi?"

"Stoo. Karani wa stoo yuko getini na ufunguo, anamwangalia Waziri."

Kijana alitazama getini. Msafara ulikuwa umeanza kusogea. Aliyekosa kutoka na wenzake alijulikana, na dereva wa kukodiwa akijulikana kwa ubaya haitwi tena. Baba yake alilijua hilo. Aliona kwamba kwa mara ya pili anamnyang'anya mwanawe kazi.

"Tulisukume," alisema mzee. "Pale mbele panateremka. Panda nikusukume."

"Wewe?" Kijana alishuka. "Utasukuma nini na mgongo huo? Panda wewe."

Mzee Stata alipanda. Alikanyaga klachi, akatia gia ya pili, akashika usukani kwa mikono miwili. Nyuma yake alisikia mwanawe anavuta pumzi, kisha gari likaanza kusogea, polepole, kisha kwa mwendo. Alingoja. Katika maisha yake hakuwahi kuachia klachi kabla ya kuambiwa, kwa sababu kupima mwendo haikuwa kazi yake. Alingoja neno. Alisikia buti zikikwaruza changarawe, alisikia pumzi, neno halikuja. Mteremko ulikuwa mfupi, na mwisho wake uliposogea aliogopa, akaachia kwa kubahatisha. Gari liliruka, likafa.

Kijana alikuja dirishani, jasho linamtiririka.

"Umeachia mapema."

"Hukusema."

Walitazamana. Ilikuwa mara ya kwanza macho kukutana tangu ile siku ya mlangoni. Kijana alijifuta jasho kwa kofia. Alirudi nyuma, na mzee alifikiri amekwenda zake. Kisha akahisi gari linasogea.

Sasa hapakuwa na mteremko ila kidogo. Kijana alisukuma kwa bega, kwa kichwa, kwa yote aliyokuwa nayo, na alikuwa anaguna kwa sauti, siyo maneno, ni sauti tu ya mtu anayesukuma kitu kilichomkalia muda mrefu. Mwendo ulikuja. Mzee Stata alikaza mguu kwenye klachi na hakubahatisha tena. Aliapa moyoni kwamba akinyamaziwa safari hii gari na likagonge ukuta.

"Baba, sasa!"

Mguu uliachia wenyewe. Gari lilishtuka, likakohoa, likawaka.

Na redio ikawaka nalo, kwa sauti ya juu, msomaji wa habari akisema kwamba leo ni siku ya furaha kwa viwanda vyetu. Mzee Stata alikaa akikanyaga mafuta, hawezi kushuka, machozi yanaingia mdomoni. Kijana alikuwa ameinama kule nyuma, mikono magotini. Alipokuja, alisimama mlangoni mwa gari bila kujua aweke wapi uso. Neno lilikuwa limemtoka; ni bega lililolisema, au mguu, au yule mtoto wa zamani, lakini limetoka, na maji yakimwagika hayazoleki.

Kijana alizima redio. Aliona kontena la chakula kwenye kiti cha pembeni, na kijiko, na chupa ya maji.

"Unakula humu?"

"Mchana tu."

"Na nani?"

Mzee Stata alifikiri amdanganye. "Redio," alisema.

Kijana alilichukua kontena, akalifunga kifuniko vizuri, akampa. Hakusema amesamehe, na baba yake hakusema ametubu, kwa sababu hakuwa na hakika kama ametubu. Getini walikuwa wanapiga honi. Mzee alishuka, mguu mmoja bado ndani juu ya mafuta mpaka mwenzake alipoweka wa kwake. Maneno yote aliyoyatengeneza kwa mwaka mzima yalimkimbia, likabaki lile la kazi.

"Usilizime mpaka ufike."

"Sitalizima," alisema kijana, akaondoka, akaukuta mkia wa msafara getini.

Mchana ule Mzee Stata alizunguka uwanja mtupu. Mahali pa kila gari palikuwa na doa dogo la mafuta, na paka walikuwa wanatembea katikati ya madoa wakitafuta nyumba zao. Msimamizi alimpongeza, akasema serikali imeahidi oda nyingine, labda mwakani. Alikula amekaa chini ukutani, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na sauti.

Nyumbani aliiweka simu mezani, akaichomeka kwenye umeme, ingawa ilikuwa imejaa. Alijiambia njia ni ndefu. Alijiambia mtoto hakuahidi kupiga, na ni kweli hakuahidi. Jua lilikuwa linazama simu ilipolia, na kwenye kioo likatokea jina kama alivyolihifadhi mkewe: Mwanangu.

"Limefika," alisema kijana.

"Halikukuzimikia?"

"Sikulizima hata kituo cha mafuta. Wamenifokea sana."

"Waache wafoke." Mzee Stata aliibana simu sikioni. Nyuma ya sauti ya mwanawe alisikia injini, ile ile, anakijua kikohozi chake. "Mbona bado linawaka?"

"Hakuna wa kulipokea. Ofisi imefungwa, geti lina kufuli. Nimekaa humu garini, nje ya ukuta wao."

"Na wenzako?"

"Kila mtu na mkoa wake. Niko peke yangu."

Mzee Stata alitazama meza, kiti kimoja kilichovutwa na kimoja kisichovutwa. Alitamani kusema mengi, na kila moja lilikuwa zito kuliko simu. Injini ilikuwa inanguruma taratibu, kule mbali, na hakuna kati yao aliyekata.

"Nilizime?" aliuliza kijana.

"Hapana," alisema baba yake. "Usilizime kwanza."